Kamera Huna? Jua Unalo

Shati jeupe, doa la mchuzi wa manjano kifuani. Kila nyumba inalijua. Ukilipaka sabuni ya mche, doa linageuka jekundu kama damu, na asiyezoea mambo ya kufua hushtuka akidhani shati ndiyo basi tena. Mama hashtuki. Anasuuza, anakamua, anaanika pale kamba inapopigwa na jua la saa sita, doa likitazama juu. Jioni akija kuanua, doa limefifia. Akirudia kesho, hulioni tena.

Mama huyo amefanya kemia mbili kwa mpigo na hakuna aliyempa cheti. Ukali wa sabuni, ndugu yake magadi, umegeuza rangi ya manjano. Kisha jua likaila. Mwaka 1842 mwanasayansi wa Uingereza, Sir John Herschel, alikuwa akihangaika na jambo hilo hilo. Alikamua maua, akapaka maji yake kwenye karatasi, akafunika sehemu ya karatasi na kuiweka juani. Palipoachwa wazi, jua lilikula rangi. Palipofunikwa, rangi ilibaki. Ikatoka picha. Njia hiyo inaitwa anthotaipu, na hadi leo wapo wasanii wanaoitumia, wengine kwa mchicha, wengine kwa viazisukari vyekundu, wengine kwa manjano hayo hayo ya pilau.

Nimeanza na kamba ya kuanikia nguo ili tuelewane mapema: leo sitaki kusikia habari ya kamera.

Najua ulitaka kuileta. Nimeisikia kwa vijana wengi wenye macho makali na moyo wa kweli. Wanataka kuonyesha mikoko inavyokatwa, ufukwe unavyoliwa, mto wa mtaani kwao ulivyogeuka dampo. Wanayo maneno na wanayo hasira. Lakini wanasubiri. Wanamsubiri mfadhili, au mjomba aliye Muscat, au shemeji aliye Minnesota aliyesema atakuja Desemba na mashine ya maana. Desemba zimepita tatu. Shoka huko kwenye mikoko halikumsubiri shemeji.

Watu wa pwani wana methali yao: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayeshinda upwani, maji yakitoka, hakosi chaza, hakosi kaa, hakosi cha kutilia wali. Nitakusimulia wagaagaa wawili, wote wanawake, wote Waingereza, waliopishana kwa miaka 169. Hawakuonana, lakini wa pili alimfuata wa kwanza nyayo kwa nyayo, na alichokiokota upwani kinatuhusu mimi na wewe kuliko unavyofikiri.

Wa kwanza ni Anna Atkins, aliyezaliwa Tonbridge, katika jimbo la Kent, mwaka 1799. Baba yake, John George Children, alikuwa mwanasayansi wa British Museum na rafiki wa Herschel. Mwaka ule ule wa 1842, mbali na maua yake, Herschel alivumbua njia nyingine. Unachanganya kemikali mbili zenye chuma ndani yake, unapaka karatasi, unaikausha gizani, unaipeleka juani, kisha unaiosha kwa maji matupu. Inatoka buluu nzito, buluu ya bahari kuu pale nahodha anapoacha kuona chini. Hiyo ndiyo sayanotaipu. Baadaye wahandisi waliipenda mno, wakanakili kwayo michoro ya majengo na mitambo kwa miaka mingi. Atkins alitaka kuitumia kwa mwani.

Mwani haukubali kuchorwa. Una vijitawi vyembamba kama nywele za mtoto mchanga, na mchoraji akiinua kalamu tu ameshapotea njia. Atkins alieleza mwenyewe kwamba ugumu huo ndio uliompeleka kwenye njia ya Herschel. Akawa analaza mwani mkavu juu ya karatasi iliyopakwa, anaubana kwa kioo, anautoa nje juani. Jua lenyewe ni la Uingereza, ambalo ukilikosa leo huna uhakika wa kulipata kesho! Oktoba 1843 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha picha za mwani wa Uingereza. Aliendelea kukitoa kipande kwa kipande kwa miaka kumi. Maandishi nayo aliyaandika kwa mkono, akayachapa kwa jua kama mwani. Na usidhani alikuwa na mashine ya kutoa nakala. Kila ukurasa wa kila nakala ulikaa juani peke yake.

Wanahistoria wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani kilichopambwa kwa fotografia. Kilitangulia kwa miezi kadhaa kile cha William Henry Fox Talbot, bwana mkubwa wa fani, kilichoanza kutoka 1844. Mle ndani hakuna picha hata moja iliyopigwa kwa kamera. Mwandishi mwenyewe alitia sahihi ya A.A. tu, na miaka mingi baadaye mtu mmoja akadhani herufi hizo ni kifupi cha maneno yenye maana ya mpenda fani asiyejulikana. Mwanamke aliyetangulia mabwana wote, na bado jina lake likachukua muda kufika! Hilo lisikutishe, tumelizoea. Kazi ilibaki.

Wa pili ni Mandy Barker, na yeye bado yupo kazini. Miaka mingi shughuli yake imekuwa plastiki ya baharini. Mwaka 2014, dunia ikiwa na homa ya Kombe la Dunia, aliomba watu wa kawaida wamwokotee mipira iliyotupwa na maji ufukweni. Kwa miezi minne tu watu 89 walimletea mipira ya kandanda na vipande vyake 769, kutoka nchi na visiwa 41. Hebu hesabu mwenyewe hapo ufukwe wako unaweza kutoa mingapi. Safari nyingine alikwenda Cobh, huko Ireland, akafuata nyayo za mwanasayansi wa karne ya 19, John Vaughan Thompson, aliyekuwa akichunguza viumbe vidogo vidogo vya baharini katika maji hayo. Barker akaokota vipande vya plastiki, akavipiga picha vikitikisika mbele ya kamera mbovu zenye filamu iliyopitwa na muda, akaviweka kama viumbe chini ya darubini. Kila kiumbe kina jina la kisayansi la kubuni, na ndani ya jina zimefichwa herufi za neno plastiki.

Hapo nakuomba usimame kidogo. Kamera mbovu. Filamu iliyopitwa na muda. Vitu ambavyo fundi wa mtaani angekwambia utupe, na ndivyo vilivyompa ukungu na chenga alizozihitaji. Mwaka 2017 kazi hiyo iliingia katika orodha ya mwisho ya Prix Pictet, tuzo kubwa ya picha zinazohusu mazingira. Wewe una simu yenye ufa kwenye kioo na unasema haitoshi.

Lakini kisa kinachonikosesha usingizi ni kile cha mwaka 2012. Barker alikuwa ufukweni, akaona ndani ya dimbwi la miambani kitu kinachopepea taratibu na maji. Akakidhania mwani. Akainama, akakishika. Kilikuwa kitambaa.

Mtu mwingine angekitupa kando na kuendelea na matembezi. Yeye alitembea na kitambaa kile kwa miaka kumi. Alizunguka pwani ya Uingereza ufukwe kwa ufukwe, akafikisha fukwe 121, akakusanya nguo na vipande vya nguo zaidi ya 200 vilivyoletwa na bahari. Nyumbani akapaka karatasi zake kemikali zile zile za Herschel, akalaza nguo zile kama Atkins alivyolaza mwani, akazipeleka juani. Kisha akatengeneza kitabu kinachofanana na cha Atkins hata kwa jina. Atkins aliita kazi yake Chapa za Sayanotaipu. Barker, kwa kubadili herufi chache tu katika Kiingereza, akaita yake Kasoro za Sayanotaipu.

Ukikifungua unaona buluu ile ya kina, na katikati yake umbo jeupe lenye matawi, nyuzi zimesambaa, ukingo umechanika kwa madaha. Unasema, mwani mzuri huu! Halafu jicho linakutana na mshono. Mwani haushonwi.

Hiyo ndiyo sanaa ninayoitaka hapa kwetu. Nitasema wazi, hata kama nitawaudhi rafiki zangu wapiga picha: picha za dampo zimetuchosha. Kasa mwenye mrija puani, ng'ombe anayetafuna mfuko, mtoto juu ya mlima wa taka. Tunaziona, tunasikitika, tunasogeza kidole juu ya kioo. Mtu akipigwa kofi kila siku shavu linakufa ganzi. Barker anafanya uvuvi badala yake, chambo mbele, ndoana nyuma. Anakupa uzuri kwanza, unasogea mwenyewe kwa miguu yako, na ukishafika karibu ndipo unagundua kilichokuleta.

Na kwa nini nguo? Kwa sababu mfuko tulishaukamata. Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 1, 2019. Sote tunakumbuka tulivyorudi kwenye vikapu kwa manung'uniko na baadaye kwa fahari kidogo. Lakini plastiki nyingine ilipita forodhani ikiwa imevaliwa. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani leo ni poliesta, na poliesta ni plastiki, inayotoka kwenye mafuta ya petroli sawa na chupa ya maji. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walipima kinachotoka kwenye mashine ya kufulia. Kwa mzigo wa kawaida wa kilo 6 wa kitambaa cha akriliki, walikadiria nyuzi zaidi ya 700,000. Si rahisi kuziona kwa macho. Zinatoka na maji machafu, na maji machafu yana njia moja.

Sasa njoo Gikomba, Nairobi. Wenyewe wanajua: robota la mitumba likifunguliwa, nguo za kwanza kuchaguliwa, zile safi, zinaitwa kamera. Masalia, yale yanayorundikwa mwishoni na kuuzwa kwa bei ya kutupa, yanaitwa fagia. Siwasemi vibaya wauza mitumba. Wamesomesha watoto kwa robota hizo, na mimi shati nililovaa sasa hivi nimelitoa mnadani. Lakini fagia nayo ina mwisho wake, na isiyonunuliwa haina pa kwenda. Soko lile limekaa kando ya Mto Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi ikienda chini inaitwa Galana, ikikaribia pwani inaitwa Sabaki, na Sabaki inamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya Malindi. Mkono wa sweta lililotupwa bara, kwa hiyo, una nauli ya bure mpaka baharini.

Ndiyo maana nikasema kamera huna na wala huihitaji. Unayo fagia. Imejaa tele na hakuna anayeigombania.

Barker hayuko peke yake katika njia hizi. Meghann Riepenhoff, Mmarekani, anapeleka karatasi zenye kemikali ya sayanotaipu hadi ukingoni mwa bahari na kuliachia wimbi lenyewe. Maji, mchanga na mvua vinachora vinavyotaka. Hasafishi karatasi hizo kwa ukamilifu, kwa hiyo zinaendelea kubadilika hata zikiwa ukutani. Matthew Brandt, naye wa Marekani, alipiga picha za maziwa kwa kamera ya kawaida, kisha akazilowesha picha ndani ya maji ya ziwa lile lile mpaka rangi zikachuruzika. Wote wanachofanya ni kuliruhusu eneo liweke dole gumba kwenye ushahidi wake. Hebu niambie, karatasi iliyooshwa na maji ya Mto Msimbazi, pale Dar es Salaam, ingetoka na rangi gani? Mimi sijui. Natamani mtu anionyeshe.

Mimi mwenyewe nimejaribu, kwa hiyo siandiki kwa kusikia tu. Nilianza na manjano kwa sababu kemikali za sayanotaipu zilinipa shida kuzipata. Vijiko viwili vya unga wa manjano, nusu kikombe cha spiriti, mbali kabisa na jiko kwa sababu spiriti haina mzaha na moto. Nikakoroga, nikachuja kwa kitambaa, nikapaka karatasi nzito ya kuchorea kwa brashi pana, nikaiacha ikauke ndani ya kabati la nguo. (Mashati mawili bado yana harufu ya pilau.) Siku iliyotangulia nilikuwa nimeokota ufukweni ukosi wa blauzi ya lesi, lebo ingali imeshonwa: poliesta asilimia mia. Nikaulaza juu ya karatasi, nikaubana kwa kioo cha fremu ya picha ya harusi, nikauweka juani.

Siku ya kwanza likatanda wingu. Siku ya pili upepo ulisogeza kioo, ukosi ukatoka na vivuli viwili kama mtu mwenye mzuka wake. Siku ya tatu kuku wa jirani alipanda juu, nami nilikuwa nimelala. Siku ya nne nilikaa pale pale juu ya kigoda, kama mlinzi wa benki, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Manjano iliyoachwa wazi ikapauka taratibu mpaka ikawa rangi ya maziwa. Nikatoa kioo, nikapitisha juu yake maji yenye magadi, na pale palipokuwa na kivuli pakageuka hudhurungi iliyoiva, papo hapo, mbele ya macho yangu. Kila tundu la lesi lilionekana. Lebo ilitoka kama kipande cha mraba, kizito, kama jiwe la kaburi. Nilipiga kelele mpaka mwenye kuku akatoka nje.

Picha hiyo haidumu. Anthotaipu haina dawa ya kuizuia isifie. Ukiitundika sebuleni jua litaimaliza pole pole kama linavyomaliza doa la shati. Ninaiweka ndani ya bahasha nyeusi, na mgeni akija naitoa kwa dakika mbili. Ajabu ni kwamba wageni wanaitazama kwa makini kuliko picha zote nilizonazo ukutani, kwa sababu wanajua inaondoka. Ukosi wenyewe upo palepale, kama ulivyotoka dukani.

Ukitaka ya kudumu, nenda kwenye buluu ya Atkins. Kemikali ni mbili, na wauza vifaa vya maabara wanazijua: ferikiamoniamu sitreti gramu 25 ndani ya mililita 100 za maji, na potasiamu ferisianidi gramu 10 ndani ya mililita 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa kwenye mwanga hafifu, paka, kausha gizani. Vaa glavu, usitumie vyombo vya jikoni, usiichanganye na asidi wala kuipasha moto, weka mbali na watoto. Karatasi inatoka na rangi ya kijanikibichi cha njano. Juani inageuka kijivu, hapo ujue imeiva. Ioshe kwa maji mpaka manjano yote yatoke na buluu ibaki. Kinachofanya kazi ni mionzi ya urujuanimno, ambayo Atkins aliiombea dua kule Kent na wewe unaikimbia kwa mwavuli. Tena kitambaa cha pamba kinakubali vizuri kama karatasi. Kitambaa cha marekani, kile cheupe cha dukani, kilichofuliwa kikatoka wanga, kinatosha. Fikiria kanga mbili za buluu zenye vivuli vya taka za ufukwe wa kwenu, na jina la kanga umelitunga mwenyewe!

Kuna mzee atakayekwambia picha haijawahi kuokota chupa hata moja. Mjibu kwa heshima kwamba ni kweli, shikamoo. Kisha mkumbushe Lamu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililojengwa kwa plastiki iliyorejelezwa na kufunikwa malapa 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Jahazi moja halisafishi bahari, na waliolijenga walilijua hilo. Ila lilipokuwa likitia nanga, watu waliacha shughuli zao wakaja kutazama, na waliokuja kutazama walizungumza. Viongozi pia walikuja. Ripoti ya kurasa mia mbili haijawahi kupokewa gatini kwa vigelegele.

Kuna sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa. Kitabu cha Atkins leo kinasomwa kama kumbukumbu. Ni mwani ule ule ulioota katika pwani ile ya miaka ya 1840, kwa ukubwa wake halisi, bila kuongezwa wala kupunguzwa na mkono wa mchoraji. Sisi tuna nini? Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, wanawake wamekuwa wakishuka upwani na bamvua tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwaka 1989. Wanaijua bahari ile kuliko mtu yeyote. Wamewahi kuona mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, ukipauka, ukilainika na kukatika kwenye kamba maji yanapopata joto, mpaka wengi wakabaki na spinosamu yenye bei ndogo. Hayo yote yamo vichwani mwao. Katika karatasi yamo kidogo mno, na mengi ya hayo kidogo yameandikwa na wageni, kwa lugha ambayo wao hawaisomi.

Sasa fikiria daftari moja. Kila bamvua, karatasi moja ya buluu. Kitawi cha mwani upande huu, kilichookotwa upwani siku hiyo hiyo upande huu mwingine: uzi wa nailoni, kipande cha soksi, kikamba cha plastiki. Pembeni kwa kalamu: tarehe, jina la ufukwe, maji yalikuwaje. Na usichume mwani wa mtu; muulize mwenyewe, mwamkie kwanza, na akikupa kitawi mwandikie jina lake pembeni kama ataridhia. Baada ya mwaka una karatasi zipatazo ishirini na tano. Baada ya miaka kumi una kitu ambacho chuo kikuu kitakuja kukuomba ukikopeshe. Huhitaji kuwa wa pwani. Wa Mwanza ana magugumaji na nyavu chakavu. Wa Bujumbura ana Tanganyika mlangoni, na wa Goma ana Kivu.

Miaka kumi ya Atkins, miaka kumi ya Barker. Nimeitaja mara mbili kwa makusudi, maana najua damu ya ujana inataka kazi iwe imesambaa mtandaoni kufikia Ijumaa. Isambaze ukitaka. Lakini usiihukumu kwa idadi ya vidole gumba vya Ijumaa. Karatasi yako ya kwanza itaharibika. Ya pili itakuwa na alama za vidole vyako. Kwa kuku utajua mwenyewe la kufanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe mgongo unao.

Basi usiniandikie kuniuliza kamera gani ununue. Manjano yapo dukani kwa Mangi hapo kona, na spiriti ipo duka la dawa. Kapake karatasi leo usiku, uiache kabatini ikauke. Jua linachomoza saa kumi na mbili.